Kiti Kwanza, Mashine Baadaye: Namna ya Kupima Presha, Mapigo, Pumzi na Joto

Bibi mmoja wa Mkomani alianguka ngazini kwake kwa sababu yangu. Nilikuwa na miaka miwili tu kazini. Alifika asubuhi akitweta, ametembea kutoka mwisho wa mtaa akipisha punda njia nzima. Sikumwacha hata avute pumzi. Nilimkalisha kwenye benchi lisilo na egemeo, nikamfunga mkanda wa presha juu ya mkono wa buibui, nikawasha mashine huku namuuliza habari za wajukuu. Akanijibu kwa furaha, mjukuu mmoja mmoja. Mashine ikasoma 172/100, nikaandika. Daktari akaiona ile karatasi akamwongezea dawa. Siku ya nne wanawe walimleta kifundo cha mkono kimevunjika: aliamka alfajiri kwenda kutia udhu, kizunguzungu kikamkamata kwenye ngazi. Tulipompima akiwa ametulia, presha yake ilikuwa 104/62.

Mashine haikukosea siku ile. Niliyekosea ni mimi, tena mara nne ndani ya dakika moja. Sasa nina miaka 19 ya uuguzi hapa Lamu, na makosa mengi niliyoyaona ni ya aina hiyo hiyo: mashine nzima, betri nzima, lakini mgonjwa ameketi vibaya, amevaa vibaya, na aliyempima ana haraka. Nawaandikia wauguzi wanaoanza, wahudumu wa afya ya jamii waliokabidhiwa mikoba yao ya vifaa mwaka 2023, na wewe pia uliyemnunulia mamako mashine ya presha ya nyumbani na kila siku inakupa namba tofauti.

Anza na kiti. Kiwe na egemeo, na mgongo wa mgonjwa uliguse. Nyayo zote mbili zikanyage sakafu, miguu isipandanishwe. Wagonjwa wangu wengi ni wafupi na miguu haifiki chini, kwa hiyo nimeweka kibao chini ya kiti. Ukimfuata mgonjwa nyumbani utamkuta ameketi mkekani amenyoosha miguu, au ukingoni mwa kitanda kirefu miguu inaning'inia. Usimpime hivyo. Omba kiti, na kama nyumba hiyo haina, cha jirani kitafika kabla hujamaliza kuomba. Kama hapana budi abaki kitandani, muegemeze ukutani kwa mito na umwekee kigoda cha kukanyagia.

Kisha muulize mambo matatu: amekunywa kahawa, amevuta sigara au kutafuna tumbaku au miraa, ametembea haraka au kupanda ngazi? Likiwepo lolote katika nusu saa iliyopita, asubiri. Wazee wangu wengi huja moja kwa moja kutoka barazani, vikombe viwili vya kahawa chungu tayari viko tumboni. Usimgombeze mzee wa watu. Mkalishe kivulini, mwambie sababu, muite baadaye. Na kabla hajaketi kitini muulize kama ana haja ndogo. Wanawake wengi wa makamo wanaona haya kuuliza choo kiko wapi, na kibofu kilichojaa kinaweza kupandisha presha ya juu, ile namba ya kwanza, kwa 10 au zaidi.

Halafu ni dakika tano za kutulia, na hapa ndipo sisi watu wa pwani tunaposhindwa. Maamkizi yetu si ya neno moja. Unaulizwa hali, nyumba, wana, mgonjwa wa nyumba ya pili, na aliyesafiri kama amefika. Usiyakate. Kumkatiza mtu mzima maamkizi ni kumpandisha presha kwa njia nyingine. Yamalizeni yote, ndipo useme: "Bibi, sasa tunyamaze kidogo, mimi na wewe, mpaka nimalize." Dakika tano zinaanza hapo. Hazianzi alipoingia mlangoni. Kuzungumza peke yake huongeza takriban 10 kwenye namba ya juu, na kusikiliza habari ya kumsikitisha ni karibu hivyo hivyo. Simu nayo izimwe, yake na yako.

Mkono uwe wazi. Mkanda juu ya nguo unaweza kukupa namba ya uongo kabisa, lakini kukunja mkono wa nguo mpaka ukabane begani ni kosa lile lile kwa mlango wa nyuma, kwa sababu umeshamfunga kamba kabla ya mkanda. Kwa mwanamke aliyevaa buibui, dawa yake ni leso. Mimi nina leso mbili safi kwenye droo. Avute mkono mmoja kwa ndani ya buibui, umfunike bega na kifua kwa leso, umbakishie mkono tu. Mpimaji akiwa mwanamume, awepo mwanamke wa nyumba ile au muuguzi wa kike, na pazia livutwe. Mtu anayeona haya hawezi kutulia, na mtu asiyetulia hapimiki.

Kiganja kitazame juu, mkono ulale mezani, katikati ya mkanda iwe sawa na katikati ya kifua chake. Usimwachie aushike mkono wake hewani, wala usiushike wewe. Ulegee kabisa. Kama meza ni fupi, kunja blanketi uweke chini ya mkono. Mkono ukiwa chini ya moyo namba inapanda, ukiwa juu inashuka, na kila sentimita 10 za tofauti ni kama 7 au 8 kwenye presha. Wenye mashine za kufunga kwenye kifundo cha mkono walisikie hili zaidi, maana kile kifundo hakikai mahali pamoja. Nikipewa nafasi ya kuchagua, nachukua ya mkono wa juu.

Ukubwa wa mkanda nao si jambo dogo. Kwenye mkoba wangu nina utepe wa fundi cherehani. Napima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko: sentimita 22 hadi 26, mkanda mdogo, 27 hadi 34, mkanda wa kawaida wa mtu mzima, 35 hadi 44, mkubwa. Kifuko cha hewa kilicho ndani ya mkanda kinatakiwa kiuzunguke mkono kwa takriban asilimia 80. Wavuvi na mabaharia wetu waliovuta kamba za jahazi tangu utoto wana mikono minene ambayo mkanda wa kawaida unaibana ukasoma juu. Bibi aliyekonda naye, mkanda huo huo unampwaya, ukasoma chini kuliko ilivyo. Ukingo wa chini wa mkanda ukae vidole viwili juu ya kunjo la kiwiko, na chini ya mkanda pawe na nafasi ya vidole viwili kupita kwa shida kidogo.

Mwenye mashine ya umeme atabonyeza na kunyamaza. Mwenye ya mkono na stetoskopu afuate hivi. Tafuta mshipa unaodunda upande wa ndani wa kiwiko. Weka vidole kwenye mapigo ya kifundo cha mkono, pampu hewa mpaka mapigo yapotee, kumbuka namba hiyo, kisha toa hewa yote. Pumzisha mkono. Sasa weka stetoskopu juu ya mshipa wa kiwiko, usiikandamize, pampu mpaka 30 juu ya ile namba, uachie hewa polepole, 2 tu kwa kila sekunde. Sauti ya kwanza ni presha ya juu. Sauti inapopotea kabisa ni ya chini. Sauti hizi zilielezwa na daktari Mrusi, Nikolai Korotkov, mwaka 1905, na mpaka leo hakuna aliyepata njia rahisi zaidi ya kuzisikia ila utulivu. Ile hatua ya vidole watu huiruka, nami naomba usiiruke. Kuna wagonjwa ambao sauti zao hupotea katikati kisha zikarudi. Ukipampu kidogo, utaanza kusikia pale zinaporudi na utaandika 150 kwa mtu mwenye 190.

Andika ulichosikia, usikizungushe. Nikifungua daftari nikakuta ukurasa mzima ni 120/80, 130/80, 140/90, najua hakuna aliyesikiliza. Mistari kwenye saa ya mashine ya mkono inakwenda kwa 2, kwa hiyo 136/84 ni namba halali kabisa.

Rudia baada ya dakika moja au mbili, uchukue wastani. Mara ya kwanza hushinda kuwa juu, hasa kwa anayeogopa vazi jeupe. Na mgonjwa mgeni umpime mikono yote miwili, kisha siku zote utumie ule uliosoma juu zaidi, uandike kwenye kadi ni upi. Mkono wenye mshipa wa kusafishia damu kwa mgonjwa wa figo, au upande aliokatwa titi kwa saratani, usiuguse.

Kwa wazee, na kwa kila anayekunywa dawa ya presha, ongeza kimoja ambacho laiti ningalikifanya siku ile. Mpime amelala au ameketi, kisha msimamishe, umpime tena baada ya dakika moja na baada ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, mtu huyo ndiye atakayeanguka alfajiri, na daktari lazima ajue kabla hajaongeza kidonge. Nyumba zetu ni za ghorofa na ngazi zake ni kali, hazina hata pa kushika.

Mapigo ya moyo nitayapitia haraka. Weka vidole viwili au vitatu kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Usitumie dole gumba lako, lina mapigo yake na utahesabu moyo wako mwenyewe. Hesabu sekunde 30 uzidishe kwa mbili kama yanakwenda sawasawa. Yakiruka au yakichanganyika, hesabu dakika nzima na uandike kwamba yanaruka. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Kwa mwenye mapigo ya kuruka, mashine ya presha ya umeme inaweza kukudanganya, kwa hiyo mpime kwa stetoskopu, zaidi ya mara moja.

Pumzi ndiyo inayonyimwa haki kuliko zote. Fungua faili lolote utakuta 18, 18, 20, 18. Hakuna aliyehesabu. Pumzi ya mtu mzima kwa kawaida ni 12 hadi 20 kwa dakika, na inapoanza kukimbia, mara nyingi inakuwa ya kwanza kutuambia mgonjwa anazidiwa, presha bado nzuri na joto halijapanda. Basi hesabu dakika nzima, na usimwambie unahesabu. Ukimwambia mtu "pumua kawaida," hawezi tena. Mimi baada ya kumaliza mapigo siondoi vidole. Namwacha adhani bado nahesabu mshipa, kumbe macho yako kifuani. Kwa mwenye buibui, weka mkono wake pamoja na wako juu ya tumbo, utausikia ukipanda na kushuka.

Kwa mtoto, pumzi huwa ya kwanza, kabla hujamshika, kabla kipimajoto hakijamliza. Nitakupa mfano mmoja. Mama alifika kwa mashua kutoka Pate na mwana wa miezi tisa, anasema ana kikohozi tu, usiku halali. Mwana alikuwa amelala mapajani, amefunikwa. Kijana tuliyekuwa naye mafunzoni alimtazama akaandika 36. Nikamwomba mama afunue kanga taratibu, apandishe fulana mpaka kifua kionekane, nikazima feni iliyokuwa ikitikisa nguo, nikaweka simu yenye saa ya sekunde pembeni yake. Tukahesabu wote wawili kimyakimya, macho kwenye tumbo, kila linapopanda ni moja. Dakika ilipokwisha nilikuwa na 58, kijana alikuwa na 57. Na tulipotazama chini ya mbavu, ngozi ilikuwa inaingia ndani kila akivuta. Yule mwana alikuwa na nimonia. Mipaka ni hii, na kila mwenye mkoba aijue kwa moyo: chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni za haraka, miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi, mwaka 1 mpaka 5, ni 40 au zaidi. Mtoto akilia, hesabu yako imeharibika. Anyonye, atulie, uanze upya. Hata ikichukua robo saa.

Sasa kile kidude cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni. Huku kwetu adui yake ni piko, ile rangi nyeusi ya kujipamba. Bi harusi, mashoga zake, na nusu ya wanawake wa mji baada ya Idi huja na kucha nyeusi ti. Mwanga wa kipimo unatakiwa upenye kidole mpaka upande wa pili, na piko nzito au rangi ya kucha inauzuia. Usimkwangue mtu kucha zake. Tafuta kidole ambacho hakikupakwa, au kibane kidude kikae kwa ubavu wa kidole, au utumie kidole cha mguu. Mkono uwe na joto, usitikisike, na jua la dirishani lisipige moja kwa moja. Subiri mpaka namba itulie, kisha linganisha mapigo kinayoonyesha na yale uliyohesabu kwa vidole. Yakiachana, oksijeni yake usiiamini.

Mtu mwenye mapafu mazima husoma 95 hadi 100. Chini ya 90 ni dharura. Lakini liweke na hili akilini, kwa sababu wagonjwa wetu wengi ni weusi: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kipimo hiki kilikosa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi takriban mara tatu kuliko kwa weupe. Ngozi nyeusi inaweza kukifanya kisome juu kuliko damu ilivyo. Kwa hiyo kikisema 94 na mgonjwa anapumua 30 kwa dakika, pua zinapanuka, hawezi kumaliza sentensi, mwamini mgonjwa.

Joto halina mambo mengi. Kwapa kwanza likaushwe, maana jasho la hapa mwezi wa tatu linapoza ngozi. Ncha ya kipimajoto iguse ngozi katikati ya kwapa, mkono ubanwe kifuani mpaka kilie. Cha zebaki kama bado unacho, hifadhi mahali salama na utafute cha betri. Kwapani, 37.5 au zaidi kwa mtoto ni homa. Cha mdomoni kingoje robo saa mpaka nusu baada ya chai au maji ya barafu. Kile cha kuelekeza kwenye paji la uso kisitumike kwa mtu aliyeshuka chomboni sasa hivi na jua la mchana usoni. Akae ndani, afute jasho, avue kofia au ushungi ulioshuka kwenye paji, baada ya kama robo saa ndipo upime.

Chombo chenyewe kina adui mmoja mkubwa hapa, hewa ya chumvi. Mipira inapasuka, ngozi ya kubandikia mkanda inalegea, sindano ya saa inashika kutu. Mimi natunza vyangu kwenye mkebe wenye mfuniko unaobana. Kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza natazama sindano: isiposimama kwenye sufuri bila hewa, mashine hiyo haipimi mtu. Pampu hewa, funga, sikiliza kama inavuja. Angalau mara moja kwa mwaka ipelekwe ikalinganishwe na nyingine iliyo sahihi. Ya nyumbani, ije nayo kliniki siku ya miadi tuipime pembeni ya yetu.

Ramadhani andika zaidi. Aliyepimwa saa kumi jioni, amefunga, koo kavu, si sawa na aliyepimwa baada ya futari na kahawa. Andika amefunga, andika kidonge cha mwisho alikunywa lini, daku au jana yake. Na siku zote, si Ramadhani tu, namba iandikwe papo hapo, pamoja na saa, mkono gani, ameketi au amelala, na mkanda upi. Usibebe namba kichwani mpaka umalize wagonjwa watatu.

Mwisho, zile namba ambazo hazingoji. Ukipata 180/120, mtulize na urudie baada ya dakika chache. Lakini kama ana maumivu ya kifua, anashindwa kupumua, mdomo umepinda, upande umelegea, ulimi mzito au macho yanaingia giza, usikae kurudia mara tatu, mwite daktari. Na mja mzito aliyepita wiki 20, namba inayokushtua ni 140/90 tu. Akikwambia "kitwa chaniwanga", yaani kichwa kinamuuma, na anaona nyota, huyo asilale nyumbani usiku ule. Itafutwe boti. Mimi naandika namba zake kwenye karatasi mbili, saa na mkono, moja anapewa mumewe na nyingine naifunga kwenye pindo la leso yake, kwa sababu usiku wa kusi karatasi iliyo mkononi huchukuliwa na upepo.